Faili Lenye Kimkia

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na Yesha, mwenzangu wa ofisini. Kalichukua dukani kwa baba yake, Mzee Jaydeep, chini ya ofisi yetu. Jalada limeingia unyevu, haliuziki. "Dada Judith," kaniambia, "hasira zako andika humu. Mimi meseji zako za alfajiri zimenichosha."

Haya. Hasira ya kwanza: mvua zimeanza, na paa la ofisi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Jumanne, 5 Machi

Padri huniuliza nafanya kazi gani mjini, nami hubaki kumung'unya maneno. Ngoja nijaribu humu.

Natunza programu ya jumuiya ya maji ya kwetu Kinole. Mtu akiona bomba limepasuka, au mfereji umeziba, au kuna aliyelima kwenye chanzo, ananipigia mimi huku mjini. Naandika taarifa yake kwenye faili. Kompyuta ya jumuiya kule juu inasoma kila faili lililomo kwenye folda ya taarifa na kuchapa orodha, na orodha husomwa mkutanoni kila Jumapili ya tatu ya mwezi, baada ya misa.

Mtandao wa kule haubebi kitu kizito, kwa hiyo kila Jumamosi natuma flashi. Akina mama wakishateremsha ndizi na mananasi sokoni, mmoja wao, Bernadeta, hunipitia, anaifunga flashi kwenye pindo la kanga, na lori lao la Fuso likipanda nayo inapanda. Simtumii Elia, karani wa jumuiya, programu nzima, maana ameongeza maneno ya Kiluguru humo kwa mkono wake, na nikituma nzima nitamfutia jasho lake. Namtumia kiraka. Nalinganisha folda ya zamani na folda mpya, kompyuta inaandika kilichobadilika na kilichoongezeka, basi. Elia anakipachika kule kwake.

Siri yetu ni moja. Jina la mtoa taarifa naliandika kwanza ili nimpigie nihakikishe, kisha nalifuta ndipo nahifadhi faili la mwisho. Anayesikiliza mkutanoni hajui nani kasema. Bila hivyo nani angesema? Kule wote ni ndugu.

Hapo ndipo Yesha hunipigia kelele. Kihariri ninachoandikia kina tabia ya bibi yangu, hakitupi kitu. Kila nikihifadhi faili, lile la kabla yake kinaliweka pembeni kwa jina lilelile, kimeliongezea kimkia cha alama ya wimbi mwishoni. Mimi hufuta mafaili ya vimkia kwa mkono kabla ya kutengeneza kiraka. Yesha anasema niandike mstari mmoja tu, kompyuta iyaruke yenyewe siku zote.

"Kesho," nikamwambia.

"Kesho yako ina ndevu, dada."

Jumamosi, 9 Machi

Flashi imepanda. Mvua.

Jumapili, 17 Machi

Meseji ya Elia: "Mkutano salama. Orodha imesomwa na mama yako mdogo, sauti kama misani. Watu wamenyamaza kimya." Kila mkutano wanampa Mama mdogo asome, kwa kuwa masomo ya Jumapili kanisani ni yeye. Nikacheka peke yangu.

Jumamosi, 23 Machi

Leo sina kicheko.

Mama mdogo Magdalena kapiga simu mchana, mvua inapiga bati kule kwake mpaka namsikia nusunusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Judi, andika taarifa."

"Ya nini mama?"

"Chanzo cha juu. Miti imekatwa, mtu kapanda mananasi mpaka kwenye jicho la maji. Bomba la chini linatoa tope, na hizi ni mvua. Kiangazi litatoa nini, upepo?"

"Nani huyo?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Kaka yangu," akasema.

Mjomba Kasiani! Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na lukolo letu, ukoo wetu, msemaji wake ni Mjomba. Mama mdogo alipofiwa na mume alirudi kwao, na Mjomba ndiye aliyemkatia kipande anacholima. Humo kapanda mdalasini, kapanda pilipili manga, na ndizi zilizonisomesha, maana mama yangu Catherine alikufa nikiwa darasa la tano na huyu ndiye aliyenifanya mtu. Aliyempa kipande ndiye anayeweza kumwondoa.

"Mama, hili si la kumalizia nyumbani?"

"Nyumbani nimelisema mara tatu. Ya kwanza alinicheka. Ya pili aliniambia mwanamke hana kauli juu ya mananasi. Ya tatu alinyamaza, nikaogopa. Andika. Ila jina langu lisitajwe, Judi. Ukinitaja nimekwisha."

Nikaandika kama alivyosema, na jina lake juu, nikahifadhi. Sijaliweka kwenye orodha. Na Elia, karani wetu, ni mtoto wa Mjomba wa kumzaa.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Sikupanda nyumbani. Nimesingizia barabara, na kweli ni mbovu. Lakini ukweli ni kwamba sitaki kula kuku mezani kwa Mjomba huku nimemweka kwenye faili.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimetuma kiraka bila taarifa ya Mama mdogo. Woga tu, sina jina lingine la kuupa.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Duka limefungwa. Yesha ameenda Dar kwenye harusi ya binamu yake, atarudi Jumatatu. "Usivunje kitu," kaniachia ujumbe.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama mdogo kapiga asubuhi na mapema. Hakusalimia hata.

"Umeniandika au umenificha?"

Akasema maji ya bomba la chini yamekuwa kama uji wa ulezi, zahanati wanakinga ya mvua, na mtoto wa jirani anaharisha siku ya nne. "Kama unamwogopa mjomba wako sema, nitafute mwingine mwenye kompyuta."

Nikaona haya. Nikafungua faili, nikafuta jina lake, nikafuta na sentensi ya kwamba anaomba asitajwe, mengine nikayafupisha, ikabaki "Miti imekatwa chanzo cha juu na mtu amepanda mananasi, mtu huyo ni Kasiani." Nikahifadhi. Wakati huohuo Bernadeta yuko mlangoni, kalowa chapachapa, anasema dereva kawasha gari, mto ukijaa hawapiti, leta hicho kidude chako upesi. Nikatengeneza kiraka, nikakitia kwenye flashi, akaifunga kwenye kanga, akakimbia.

Nimeshusha pumzi. Taarifa imekwenda, na orodha itasomwa Jumapili ya wiki ijayo.

Jumatatu, 15 Aprili

Nataka kuandika polepole, kwa mpangilio.

Yesha karudi kutoka Dar na hina mpaka kiwiko. Kaketi, kafungua nakala ya kiraka cha Jumamosi, kama kawaida yake, kukagua kazi yangu.

"Dada, hiki mbona kinene?"

"Kina taarifa tatu mpya."

"Kina mafaili sita."

Nikaenda kusimama nyuma yake. Mafaili matatu, na matatu mengine ya majina yaleyale, yenye vimkia. Sikuyafuta. Kwa ile haraka sikuyafuta! Na la tatu, Yesha kalifungua kabla sijamzuia, akasoma kwa sauti ndogo: "Ametoa taarifa Magdalena. Anasema kaka yake Kasiani amekata miti ya chanzo cha juu, amepanda mananasi. Amemwonya mara tatu. Anaomba jina lake lisitajwe."

Yesha hakunisema. Ningependa angenisema.

"Programu ya kule inaruka vimkia?" akauliza.

Hairuki. Inasoma kila kilichomo kwenye folda. Hiyo programu niliandika mimi. Elia akikipachika kiraka, faili la kimkia linaingia folda ya taarifa kama mgeni aliyealikwa, na likiingia litachapwa na kusomwa.

Nikampigia Elia. Hapatikani. Mama mdogo hapatikani. Bernadeta hapatikani. Nikapiga simu ya padri, hapatikani. Kijana wa duka la simu anasema mnara wa upande ule umezimika tangu Jumapili, umeme wake umepigwa na radi.

Yesu na Maria.

Jumanne, 16 Aprili

Hawapatikani. Nimepiga mara thelathini na moja.

Jumatano, 17 Aprili

Hawapatikani. Mvua haijakatika tangu juzi, milima haionekani kabisa. Mzee Jaydeep kapanda na chai ya tangawizi, kaniambia, "Binti, mitambo huharibika, mitambo hutengenezwa." Nikamshukuru. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mtambo haujaharibika, unafanya kilekile nilichouambia.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimejaribu kupanda mwenyewe. Nimemchukua Yusuph wa bodaboda, tumetoka saa kumi na mbili asubuhi. Kiroka tumepita tukiwa tope mpaka magotini. Mbele kidogo, mlima umeteremka barabarani, migomba imesimama katikati ya njia na mikungu yake. Watu kama ishirini wamesimama wanaangalia. Nikashuka nipite kwa miguu. Yusuph akanishika mkono.

"Dada, unaona lile jiwe? Halijamaliza kushuka."

"Nina shida, Yusuph."

"Ukifa utakuwa nazo mbili."

Nikamtukana. Akavumilia. Tumesimama pale saa nzima, kisha jiwe likashuka kweli, na sote tukarudi nyuma tukikimbia. Nimefika mjini na kiatu kimoja.

Ijumaa, 19 Aprili

Mnara umewaka! Saa nane mchana simu ya Elia ikaita. Nikapiga ishara ya msalaba.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Si Elia. Ni Mjomba Kasiani.

"Shikamoo mjomba. Judith."

"Aa, marahaba mwanangu! Hujambo? Umepotea. Pasaka tulikusubiri mpaka kuku akapoa. Elia yuko ofisini, kaniachia simu niitie chaji kwenye sola. Anasema kile kitu chako kimeingia vizuri sana, safari hii hakuna hata kosa moja. Nimwambie nini?"

Nilisimama pale dirishani. Ningesema nini? Mwambie asichape? Mjomba si mtoto, angeuliza kwa nini. Mwambie anipigie haraka? Angeuliza kuna nini. Nilitafuta uongo, mimi ambaye uongo haunipigi chenga, na sikuupata hata mmoja.

"Msalimie tu, mjomba," nikasema.

"Zimefika. Na wewe njoo nyumbani, ardhi inakusahau."

Baadaye nikaandika meseji kwa Elia: "Usichape orodha mpaka tuongee." Simu ikaonyesha imefika. Imefika mkononi kwa nani? Nikapiga simu ya Mama mdogo mpaka vidole vikafa ganzi. Imezimwa. Jua hakuna, na sola yake ndogo haina kitu.

Jumamosi, 20 Aprili

Fuso halikuteremka. Mnara umezimika tena.

Jumapili, 21 Aprili

Saa nne misa imekwisha. Saa nne na nusu watakuwa wamekaa kwenye mabenchi ya shule. Nimekaa kitandani na simu mapajani. Nilitaka kusali, nikakuta ninachoomba ni kwamba karatasi iishe, au wino, au sola izime. Naomba mashine ya watu iharibike.

Saa saba. Imeshasomwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Barabara imechongwa, magari yanapita kwa zamu. Bernadeta kaja. Hakuingia ndani. Kasimama kizingitini, na flashi kaiweka juu ya mfuko wa saruji ulio hapo nje, hakunipa mkononi.

"Dada Bernadeta, karibu ndani."

"Sikai."

Nikamwomba anieleze. Mwanzoni alikataa, anasema nimeandika mwenyewe nataka kusimuliwa ya nini. Kisha akasimulia, akiangalia barabarani.

Elia alichapa asubuhi ile haraka haraka, maana betri ilikuwa inakata, hakusoma. Akampa Mama mdogo karatasi mbele ya watu. Mama mdogo akavaa miwani, akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, ile ya chanzo cha juu bila jina la mtoa taarifa. Watu wakaguna, Mjomba akatazama chini. Akasoma zile zilizojirudia, na majina yake, Hatibu kasema hivi, nani kasema hivi, na watu wakaanza kugeukiana. Hatibu kaondoka hapo hapo. Kisha akafika ya mwisho.

"Kasoma 'Ametoa', akanyamaza," Bernadeta kasema. "Tukadhani macho. Mjomba wako akamwambia, endelea dada. Akaendelea. Kasoma jina lake mwenyewe, kasoma la kaka yake, kasoma mpaka 'anaomba jina lake lisitajwe'. Kwa sauti ileile ya kanisani. Akakunja karatasi, akamrudishia Elia, akakaa."

"Mjomba alisema nini?"

"Hakusema kitu siku ile. Jumanne kampelekea mtu, kwamba asivune tena pilipili."

Bernadeta akajitanda kanga vizuri. "Wanasema umemtaja makusudi," akasema. "Mimi sijui. Mimi ni mbebaji tu, na ningejua nimebeba nini ningekitupa mtoni."

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeandika ule mstari. Unasema: unapolinganisha, ruka kila faili lenye kimkia. Mstari mmoja, herufi haziwezi kuzidi kumi. Nimejaribu mara tatu, unafanya kazi. Yesha kaangalia, kaitikia kwa kichwa, kaenda dirishani.

Programu ya kule nayo nimeirekebisha ikatae vimkia. Kila kitu sasa ni sawasawa.

Alhamisi, 2 Mei

Elia kapiga. Anasema meseji yangu aliiona Jumapili jioni aliporudishiwa simu. Anasema Mama mdogo hamsemeshi, anaamini ni yeye aliyeandika majina, amtetee baba yake. "Dada, mimi nachapa tu," anarudia. "Mimi nachapa tu." Nikamwambia ni mimi. Akauliza kama bado ataendelea na kazi.

Jumamosi, 4 Mei

Mama mdogo kateremka. Kaja na begi moja na sufuria.

Nikampokea, nikampikia chai. Kakaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, kaanza kumsema Elia. Yule mtoto nilimbeba mgongoni, yule mtoto nilimwombea kazi ya ukarani, kumbe ananifukua. Nikamwacha aseme, na kila alilosema nikawa nahesabu moyoni kwamba ni langu. Mwishowe nikamwambia.

Nilimweleza yote, faili, kihariri, kimkia, kiraka, haraka ya gari. Alisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza padri.

"Kwa hiyo jina langu ulilifuta," akasema.

"Nililifuta mama."

"Na likabaki."

"Likabaki pembeni."

"Na ulijua kwamba huwa linabaki."

"Nilijua."

"Ulikuwa unalifuta hilo la pembeni siku zote, ila siku yangu ulikuwa na haraka."

Nikalia. Hakunibembeleza, hakunifukuza. Aliimaliza chai yake, akauliza basi la Mlali linapatikana wapi. Kuna mtu wa parokia anatafuta vibarua wa nyanya. Nikamwambia akae hapa, chumba kinatosha. Akasema hawezi kulala chumba kimoja na mimi kwa sasa, nimsamehe. Yeye ananiomba msamaha! Kabla ya kuondoka akaazima simu yangu, akampigia Elia, akamwambia, "Mwanangu, nilikukosea, nisamehe."

Jumatano, 8 Mei

Mvua zinapungua. Kazini. Taarifa mpya: hakuna.

Jumatano, 15 Mei

Taarifa mpya: hakuna. Mwaka jana mwezi huu zilikuwa kumi na tisa. Yesha kaniuliza kama simu yangu ni nzima.

Jumapili, 19 Mei

Nimepanda Kinole. Mjomba kaita kikao cha lukolo, nami nikasema nitapiga magoti nimwombee Mama mdogo msamaha.

Jua limetoka, milima imeoshwa, watu wamevaa vizuri. Nilipopita njiani walinisalimia, lakini walinisalimia kama wanavyomsalimia mtu wa serikali. Hatibu kageuza uso.

Tulikuwa kama kumi na watano uani kwa Mjomba. Nilipiga magoti kweli. Nikasema kosa ni langu, Mama mdogo hakutaka kumwaibisha mtu hadharani, kompyuta ilihifadhi nakala ya zamani na mimi sikuifuta. Nikaeleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kiluguru changu kibovu. Wazee wakaangaliana. Mjomba akaniinua yeye mwenyewe, akanifuta magoti kwa mkono.

"Mwanangu, usione haya," akasema. "Kompyuta haiandiki jina isiloambiwa. Hata Elia anasema. Nimekuelewa toka siku ile uliponipigia simu ukakosa la kusema, ukasema msalimie tu. Nikajua huyu mtoto ana jambo la ukoo wake linamsumbua."

"Mjomba, sivyo."

"Mananasi nitayang'oa, nimewaambia hapa. Nimekosea kwenye maji, nimekubali. Lakini anayekwenda kumsema ndugu yake kwa siri, huyo halimi ardhi ya lukolo. Kipande chake kinarudi kwa mtoto wa marehemu dada yangu. Ni chako, Judith. Na ndivyo ilivyopaswa tangu awali."

Nikasema sitaki. Nikasema mara mbili. Mjomba akasema kwa upole kwamba nikikataa yupo mfanyabiashara wa mbao anayekitaka, na yule hana haja na mdalasini wala pilipili, atafyeka siku moja. Akanitazama kama mtu anayenipa zawadi. Wanawake wawili nyuma yangu walinong'ona, na mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, "Si ndicho alichokitafuta?"

Sikukubali. Sikukataa tena. Nilikaa chini, na kikao kikahesabu kwamba nimekubali.

Baada ya hapo ulikuwa mkutano wa maji. Elia alichapa orodha kwa kiraka kipya, safi, hakuna kimkia hata kimoja. Karatasi ilitoka ikiwa na kichwa cha habari na tarehe. Hakuna aliyetoa taarifa. Hawakuhitaji msomaji.

Ijumaa, 24 Mei

Mzee Jaydeep kauliza mbona nimekonda. Nikamwambia mvua.

Jumamosi, 1 Juni

Nimekwenda Mlali. Nilimkuta kwenye nyanya za watu, kainama na wenzake sita, kavaa kofia ya kiume. Aliniona kutoka mbali, lakini alimaliza mstari wake kwanza ndipo akaja ukingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamwambia yote ya kikao. Nikamwambia nitamkataa Mjomba, nitakwenda hata kwa mtendaji wa kata. Nikamwambia nitakipokea kisha nimrudishie yeye kwa siri, alime kwa jina langu. Nikasikia mwenyewe neno hilo, kwa siri. Alikuwa anajisugua tope viganjani.

"Chukua," akasema.

"Mama, siwezi."

"Chukua. Ukikataa atapewa mtu wa mbao, na ile midalasini niliipanda mwaka aliokufa mama yako. Bora wewe. Palilia kabla ya kiangazi, ule upande wa juu unaota magugu haraka."

"Watu watasema—"

"Wameshasema, Judi. Hata mimi kuna siku nasema hivyo, nikiwa nimechoka." Akavaa kofia yake. "Ila nina ombi moja. Ukivuna, usiniletee. Usinitumie mkungu, usinitumie hata pilipili ya kuungia mchuzi."

Msimamizi akaita. Akarudi kwenye mstari wake, akainama. Nilisimama pale ukingoni mpaka jua likawa kali, nikisubiri labda atageuka, kisha nikaenda kutafuta gari la kurudi mjini. Jumatatu nitaanza kutafuta vibarua wa kupalilia.